Katuni za Watu Wazima, Macho ya Watoto: Historia ya Utazamaji Turkana

Katuni za watu wazima ni filamu za michoro zinazotungwa kwa ajili ya mtazamaji aliyekomaa. Ucheshi wake hugusa yale ambayo mtu mzima huyazungumza na rika lake tu: ngono, kifo, ulevi, dini, siasa, rangi ya ngozi, ulemavu, njaa. Mchoro wenyewe, hata hivyo, hautofautiani na ule wa hadithi za watoto. Macho ni makubwa, rangi ni kali, sauti ni nyembamba, na mhusika aliyeangukiwa na jabali husimama akajikung'uta. Mtoto anayeutazama hana namna ya kujua kwamba hakualikwa, na mzazi anayepita nyuma yake akatupa jicho mara moja huona katuni, akaendelea na shughuli zake.

Nchi nyingi zilipata muda wa kulizoea tatizo hili polepole, kutoka jumba la sinema hadi televisheni ya sebuleni, kisha kompyuta, kisha simu. Kaaleng haikupata muda huo. Ni kituo cha Turkana Kaskazini, katika wadi ya Kaaleng/Kaikor, upande wa mipaka ya Kenya na Ethiopia na Sudan Kusini, na kwa familia nyingi za huko kioo cha kwanza kumilikiwa nyumbani ni cha simu ya mkononi. Lodwar na Kakuma, miji miwili inayoihudumia sehemu hiyo ya kaunti, ilitangulia kidogo tu. Historia ya katuni katika eneo hili kwa hiyo ni historia fupi, lakini inaanza na desturi ya zamani zaidi: desturi ya kugawa maneno kwa umri.

Waturkana hawakuwahi kukosa ucheshi mkali. Walichokuwa nacho ni mahali pa kuuweka. Wanaume wazima hukutana chini ya ekitoe a ng'ikiliok, mti wa wanaume, ambapo nyama huchomwa, safari za mifugo hupangwa na migogoro husikilizwa. Watoto na wanawake hawaketi hapo. Ndani ya awi, yaani boma, kila mke ana akai, yaani nyumba yake, na hadithi anazolelewa nazo mtoto ni zile za kwenye akai ya mama, giza likishaingia. Mwanamume huhesabiwa kuwa mtu mzima baada ya sherehe ya asapan, na tangu hapo nafasi yake kati ya wanaume hubadilika. Juu ya yote hayo kuna mgawanyo wa Ng'imor na Ng'irisae, mawe na chui, ambao humweka mwana upande tofauti na baba yake na upande mmoja na babu yake. Mpangilio wa aina hiyo unaeleweka vizuri kote Afrika Mashariki, ambako mara nyingi babu ndiye anayeruhusiwa kumtania mjukuu kwa maneno ambayo baba hathubutu kuyatamka. Tanzania ina utani wa makabila, kama ule wa Wahehe na Wangoni uliozaliwa na vita vya karne ya 19, ambao humruhusu mtu kumkejeli mtani wake hata msibani, na vilevile humwekea mipaka ya nani anaweza kusema nini, wapi na mbele ya nani.

Mpaka huo haukuwa ukuta. Watoto wamesikiliza pembeni tangu enzi, na wavulana wanaolala malishoni na mbuzi hawakosi mizaha yao isiyofika masikioni mwa mama. Lakini kulikuwa na mtu aliyesimama kati ya neno na mtoto. Msimulizi alimwona msikilizaji wake, akaona ni nani aliyeingia, akanyamaza au akageuza maneno. Hicho ndicho kitu ambacho kioo hakiwezi kukifanya, na kila sheria ya filamu iliyotungwa Kenya tangu wakati wa ukoloni imekuwa jaribio la kukifidia.

Jaribio la kwanza lilifanyika mapema. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema mwaka 1912, wakati sinema ilikuwa burudani ya Nairobi na Mombasa. Udhibiti wa enzi hiyo ulitazama rangi ya mtazamaji kabla ya umri wake. Katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki na ya Kati, filamu iliweza kupewa kibali kwa Wazungu ikazuiwa kwa Waafrika, kwa hoja kwamba Mwafrika, kama mtoto, angeiga alichokiona au angepoteza heshima kwa mtawala. Mtu mzima aliyelea watoto kumi aliwekwa katika kundi moja na watoto wake. Dhuluma hiyo iliacha kovu katika neno lenyewe la udhibiti, na ni sababu mojawapo inayofanya mjadala wa kumlinda mtoto Kenya ugeuke upesi kuwa mjadala wa nani anamfanya nani mtoto.

Turkana ilikuwa nje ya biashara hiyo kwa njia nyingine. Baada ya kampeni za kijeshi zilizofikia kilele mwaka 1918 kwa msafara wa Labur, uliopewa jina la milima ya Lapur iliyo jirani na Kaaleng, wilaya ilitawaliwa kama eneo lililofungwa. Sheria za wilaya za pembezoni za mwaka 1902 na za wilaya maalumu za mwaka 1934 zilimtaka mgeni apate kibali kabla ya kuingia. Wakati mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara kati ya 1935 na 1937, ukizungusha filamu za mafunzo kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki, kaskazini mwa Turkana palikuwa mahali ambapo serikali ilipeleka askari na, baadaye, wafungwa. Lokitaung, kituo cha huko, ndiko walikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake baada ya hukumu ya Kapenguria mwaka 1953, na mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar. Mlango ulianza kufunguka kwa njaa ya 1960 na 1961, iliyowaleta wamisionari wa Kikatoliki pamoja na chakula cha msaada.

Kenya huru ilirithi sheria yenye umri mkubwa kidogo tu kuliko wake: Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 1963, wiki kumi kabla ya uhuru. Televisheni ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia. Sheria hiyo iliwawaza watu wawili, mpiga picha anayehitaji leseni na mwenye ukumbi anayehitaji cheti cha kuonyesha filamu. Iliwawaza hivyo kwa sababu filamu wakati huo ilikuwa mkanda mzito uliobebwa katika makopo na kuonyeshwa katika jengo lenye mlango mmoja, na mlangoni alisimama mtu aliyekata tiketi. Umri wa mtazamaji ungeweza kuulizwa hapo.

Waturkana wenyewe walipigwa picha kabla ya wengi wao kutazama chochote. David na Judith MacDougall walikaa nao mwaka 1973 na 1974 na kutengeneza filamu tatu zinazoheshimiwa hadi leo katika vyuo vya anthropolojia, The Wedding Camels, Lorang's Way na A Wife Among Wives. Ndani yake wanaume wanabishana mahari kwa saa nyingi, wanataniana, wanadanganyana kidogo. Wazungumzaji wanaonekana wazi kumjua kila aliyeketi mbele yao.

Katika miaka hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, katuni ilikuwa inaondoka mikononi mwa watoto. Mwaka 1972 Ralph Bakshi alitoa Fritz the Cat, filamu ya kwanza ya michoro kupewa alama X Marekani, alama iliyowazuia watoto kuingia ukumbini. Tarehe 17 Desemba 1989 The Simpsons ilianza kama mfululizo wa televisheni na kuthibitisha kwamba familia nzima inaweza kucheka mbele ya katuni moja, kila mmoja kwa sababu yake. Mwaka 1993 Beavis and Butt-Head ya MTV ikaingia matatani: mtoto wa miaka mitano huko Moraine, Ohio, aliwasha moto ulioua dada yake wa miaka miwili, na mama yao akailaumu katuni hiyo, ambayo wahusika wake walipenda kuchezea moto. Lawama hiyo ilibishaniwa sana, lakini MTV iliisogeza katuni hadi usiku zaidi na kuondoa maneno ya moto. Kutokana na hofu za aina hiyo, sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 ilitaka televisheni mpya ziwe na kifaa cha kumwezesha mzazi kufunga vipindi asivyovitaka, na kuanzia Januari 1997 vipindi vikaanza kubeba alama za umri. South Park, ya Trey Parker na Matt Stone, ilizaliwa Agosti mwaka huohuo ikiwa na alama ya juu kabisa, TV-MA. Family Guy ikafuata mwaka 1999, na mwaka 2001 Cartoon Network ikatenga saa za usiku kwa katuni za watu wazima chini ya jina Adult Swim.

Mpangilio huo wa Marekani unafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu katuni zilisafiri na mpangilio ukabaki. Kule kwao, South Park ilikuwa na vizuizi vitatu: saa ya usiku, alama kwenye kona ya kioo, na kifaa ndani ya televisheni. Nakala iliyofika Afrika Mashariki katika diski ya kurudufu au katika kadi ya simu haikuwa na hata kimoja. Na kuna kizuizi cha nne ambacho hakikuandikwa popote, nacho ni ujuzi wa mtazamaji juu ya nani hasa anayechekwa.

Mfano unaogusa eneo hili moja kwa moja ni kipindi cha South Park kilichotangazwa Novemba 1997, Starvin' Marvin. Wavulana wanne wa mji wa South Park, Colorado, wanajiandikisha kumdhamini mtoto wa Afrika ili wapate zawadi ya saa ya michezo, na kwa makosa wanaletewa mtoto mwenyewe, Mwethiopia aliyekondeana, wanayempa jina la kejeli la njaa yake. Baadaye mmoja wao, Cartman, mlafi na mkorofi kuliko wote, anapelekwa Ethiopia badala ya mtoto huyo. Aliyelengwa na mzaha ni Mmarekani: matangazo ya misaada ya televisheni, mastaa wanaonenepa kwa jina la wenye njaa, sikukuu ya kula mpaka mtu ashindwe kuinuka. Mtu mzima anayezijua picha za njaa ya Ethiopia ya 1984 na 1985, na matangazo yaliyozifuata, anaweza kuliona shambulio hilo linaelekea wapi. Ni kejeli kali, na katika sehemu zake bora ni ya haki.

Mtoto wa Turkana hana ramani hiyo. Yeye anaona mchoro wa mtoto mweusi mwenye mbavu nje, anayesema kwa kubofya ulimi, na anasikia kicheko. Turkana imepitia njaa ya 1960 na 1961, njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliyofuatana na kipindupindu, na ukame wa 2011, ambapo picha za Waturkana waliodhoofika zilienea nchi nzima na kuzaa mchango wa Kenyans for Kenya. Watoto wa kaunti hii wamekuwa wakioneshwa kwa wengine kama sura ya njaa kwa muda mrefu kuliko walivyopata nafasi ya kujiona kwa sura nyingine. Mzaha uliotungwa kumvua nguo mfadhili wa Colorado, ukiangukia mtoto wa shule ya msingi wa Kaaleng, unamfundisha kwamba njaa ya bibi yake ni kichekesho. Watungaji hawakumkusudia yeye, na hapo ndipo uzito wa jambo lenyewe: ucheshi wa kejeli unategemea sana kujua nani alikusudiwa. Hoja ya kwamba katuni kali huharibu tabia kwa matusi na damu ni hoja halali, lakini hasara hii ya kujidharau ni ya ndani zaidi na haionekani kwa mzazi anayesikiliza matusi tu.

Afrika Mashariki ilikuja kutunga kejeli yake yenyewe kwa sura za kitoto. The XYZ Show, iliyobuniwa na mchoraji Godfrey Mwampembwa, Mtanzania anayejulikana kama Gado, ilianza Citizen TV mwaka 2009, zaidi ya mwaka mmoja baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Ilitumia vikaragosi vya mpira vilivyofanana na viongozi, kwa kufuata mfano wa Spitting Image ya Uingereza na Les Guignols de l'info ya Ufaransa. Watoto walivutwa na vichwa vikubwa na sauti za kuchekesha. Tofauti na katuni ya kigeni ni kwamba mzazi wa Kenya aliijua kila sura. Alipoulizwa na mtoto kwa nini mheshimiwa fulani anachekwa, alikuwa na jibu. Kejeli hiyo ilikuwa kali, lakini ilikuja pamoja na mtu wa kuifasiri, na kwa kipimo hicho haikuwa hatari kama kipindi laini zaidi ambacho mzazi hakielewi hata kidogo.

Kakuma ina sura ya pekee katika historia hii. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 walipofika vijana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia, na tangu hapo imepokea Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, hadi ilipovuka watu 200,000 pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa katikati ya miaka ya 2010. Zaidi ya nusu yao ni watoto. Shirika la FilmAid, lililozaliwa mwaka 1999 kwa ajili ya wakimbizi wa Kosovo, lilifika Kakuma mwaka 2001 na kioo kikubwa kilichobebwa na lori. Jioni, kioo kilisimamishwa uwanjani na maelfu waliketi mchangani, wenyeji Waturkana wakiwa miongoni mwao. Filamu fupi za afya zilichanganywa na katuni na filamu ndefu, wakimbizi walishirikishwa katika kuchagua cha kuonyesha, na mchana makundi madogo yalitazama na kujadili yakiwa na msimamizi. Kwa Waturkana wengi wa maeneo ya Kakuma, huenda hiyo ndiyo ilikuwa sinema ya kwanza.

Maonyesho hayo yanastahili kukumbukwa kwa kina, kwa sababu yalirudisha bila kukusudia sifa ya msimulizi wa zamani. Watu wa umri wote walikaa pamoja, lakini kulikuwa na mtu aliyejua nani yupo uwanjani, aliyekwisha kuitazama filamu kabla, na aliyejadiliana na wazee wa jamii kadhaa zenye mila tofauti kuhusu kinachofaa. Filamu iliyokubalika kwa Mnuer ingeweza kumkera Msomali. Uamuzi ulifanywa kwa kuzungumza. Hakuna sheria ya Nairobi iliyowahi kufika karibu na mtazamaji kiasi hicho.

Kando ya kioo hicho kikubwa vilikua vibanda vya video. Uchunguzi wa shirika la fedha la IFC uliotolewa mwaka 2018 uliikuta Kakuma ikiwa na biashara zaidi ya 2,000. Kama ilivyo katika miji midogo ya Kenya yote, kibanda cha mabati chenye mabenchi, jenereta au sola, na televisheni moja ni biashara isiyohitaji mtaji mkubwa. Lodwar, ambayo kwa miaka mingi umeme wake ulitoka kwa mitambo ya mji wenyewe na si kwenye gridi ya taifa, iliviona pia. Mpira wa Uingereza ndio hujaza mabenchi mwishoni mwa juma. Siku nyingine ni filamu za mapigano, na mchana, shule zikiwa zimefungwa, ni chochote kitakachowavuta watoto wenye sarafu. Mwenye kibanda huchagua kwa jalada, na katuni, kwa jalada lake, humwambia kwamba ni ya watoto.

Vibanda vilileta pia sauti ya pili. Nchini Kenya, DJ Afro alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, Tanzania kazi hiyo ilifanywa na Lufufu, na Uganda wasimulizi huitwa VJ. Msimulizi hafasiri neno kwa neno. Huongeza majina ya mitaa, humpa mhusika tabia ya jirani, hutia mzaha wake mwenyewe, na mzaha huo mara nyingi ni wa watu wazima hata pale filamu yenyewe ni safi. Kwa mtazamo wa sheria, filamu iliyosimuliwa hivyo ni kazi mpya isiyowahi kupewa cheti. Kwa mtazamo wa desturi, ni mti wa wanaume uliohamishiwa kibandani, isipokuwa msimulizi wa sasa hawaoni walioketi mbele yake.

Serikali nayo ilikuwa ikijaribu kuyafikia haya kutoka juu. Bodi ya udhibiti wa filamu ilibadilisha jina mwaka 2009 kuwa bodi ya uainishaji, inayojulikana kwa herufi KFCB, na mkazo ukahamia kwenye alama za umri: filamu za wote, filamu za uangalizi wa mzazi, za miaka 16 na za miaka 18. Kanuni za utangazaji ziliweka saa za familia kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, muda ambao kituo hakiruhusiwi kutangaza maudhui ya watu wazima. Kuhamia utangazaji wa dijitali mwaka 2015 kuliongeza idadi ya vituo, na Januari 2016, Netflix ilipofungua huduma zake Kenya, bodi ililalamika waziwazi kwamba maudhui yake hayakupitia mikononi mwake. Lalamiko lilikuwa na ukweli ndani yake: sheria ya 1963 ilimjua mwenye ukumbi, na sasa ukumbi ulikuwa mfukoni.

Juni 2017 bodi, chini ya Ezekiel Mutua, ilipiga marufuku katuni sita: The Loud House, The Legend of Korra, Hey Arnold, Steven Universe, Clarence na Adventure Time. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba zilieneza mapenzi ya jinsia moja. Zote zilikuwa katuni za watoto, zilizotangazwa na Nickelodeon na Cartoon Network kupitia setilaiti ya malipo. Hakuna katuni hata moja ya watu wazima iliyokuwa katika orodha. South Park, Family Guy na Rick and Morty hazikutajwa. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu sababu ya marufuku hayo, lakini kama hatua ya kumlinda mtoto dhidi ya ucheshi usio wa umri wake, yalipita mbali na lengo. Yaliwagusa waliokuwa na uwezo wa kulipia dishi na king'amuzi kila mwezi, watu ambao wengi wao walikuwa na kitufe cha kufunga chaneli. Kibanda cha Kakuma na simu ya Kaaleng havikuguswa.

Simu ilifika Turkana ikitanguliwa na minara ya mtandao vituoni na paneli za sola madukani. Mtindo ulioenea kwanza haukuwa wa kutazama moja kwa moja, kwa sababu bando ni ghali na mtandao ni dhaifu. Mtu hupeleka kadi ya kumbukumbu dukani, simu inapochajiwa, na muuzaji humwekea nyimbo na video. Vipande hivyo huhamishwa kutoka simu hadi simu bila jina, bila jalada na bila alama ya umri. Katuni ya dakika ishirini na mbili hukatwa ikabaki dakika mbili, na kinachobaki kwa kawaida ni ile sehemu chafu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayochekesha bila kuhitaji hadithi.

Mtandao wenye kasi zaidi ulileta tatizo jingine. Mwaka 2017 dunia iligundua kwamba YouTube ilikuwa imejaa video zenye wahusika wa watoto, Peppa Pig, Elsa na Spider-Man, wakifanyiwa ukatili au vitendo vya aibu, zikiwa zimetengenezwa ili mashine ya kupendekeza video izidhanie kuwa za watoto. Video nyingi na maoni mengi yaliondolewa. Septemba 2019 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa madai ya kukusanya taarifa za watoto kinyume cha sheria, na kuanzia Januari 2020 watengenezaji walitakiwa kutaja kama video zao ni za watoto. Kosa la mashine lilikuwa lilelile la mwenye kibanda na la mzazi anayepita: wote waliamua kwa kutazama mchoro.

Wajibu wa kisheria umewekwa mabegani mwa mzazi. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya malezi na ulinzi wa wazazi, na inasema wajibu huo ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, ilikwenda mbele zaidi kwa kutaja madhara ya mtandaoni miongoni mwa mambo ambayo mtoto lazima alindwe nayo. Kwa maandishi, hakuna pengo.

Pengo liko katika uwezo. Mzazi wa Nairobi aliyesoma anaweza kuketi na mtoto dakika tano, akasikiliza Kiingereza cha katuni na kujua kilichomo. Katika Turkana, kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 926,976 mwaka 2019, wazee wengi hawakupata shule, na mtoto anayesoma darasa la tano mara nyingi ndiye mwenye Kiingereza kingi kuliko wote nyumbani. Yeye ndiye anayemsomea mama ujumbe wa simu na kumweleza maana yake. Mzazi anatakiwa kuwa mlinzi wa mlango katika lugha anayoisikia kupitia kwa yule anayelindwa. Baba naye huenda yuko na ngamia na ng'ombe mbali, upande wa Lapur au mpakani, kwa miezi. Anayebaki na simu jioni ni dada au kaka wa miaka kumi na tano, na katika maboma mengi yeye ndiye mlezi halisi wa utazamaji, ingawa sheria haimtaji.

Wajibu wa mzazi katika mazingira hayo hauwezi kuwa ule wa vitabu vya malezi vya Ulaya, vinavyozungumzia nywila na mipangilio ya kifaa. Unaelekea kurudi kwenye yale ambayo jamii iliyajua: nani anakaa na nani, saa ngapi, na nani yupo kusikiliza. Simu inayotazamwa na kundi mbele ya akai, mtu mzima akiwa karibu hata kama hajui lugha, si sawa na simu ya mtoto mmoja gizani. Mtu mzima asiyejua Kiingereza bado anaitambua sauti ya kicheko cha kudhalilisha, na anaona uso wa mtoto unapogeuka. Pale mwalimu wa shule, katekista au kijana aliyemaliza sekondari anapoombwa kuieleza katuni kabla watoto hawajaitazama, kazi iliyofanywa na FilmAid inafanyika tena kwa kiwango cha boma.

Upatikanaji wa katuni zinazoeleweka na wazazi umebadilisha mambo kidogo pia. Ubongo, kampuni ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 2013, ilianza kutangaza Ubongo Kids kwa Kiswahili mwaka 2014, ikifundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na wahusika wa Kiafrika, kisha ikaivusha hadi Kenya na kwingineko; Akili and Me iliwafuata watoto wadogo zaidi. Kiswahili si lugha ya mama ya Waturkana, lakini ni lugha ya soko la Lodwar na ya foleni ya Kakuma, na mama anayeuza mkaa huielewa vya kutosha kujua mtoto wake anacheka nini. Katuni hizo sasa hupatikana pia mtandaoni, na huweza kupakuliwa na kuwekwa katika kadi zilezile za kumbukumbu, na muuzaji yuleyule wa dukani, kwa bei ileile ya vipande vya Family Guy.